Kazi ya Kumlinda Mtu: Mafunzo Yake na Njia ya Kuianza

Vijana wengi wa Kisumu na wa kando ya Ziwa Victoria huitamani kazi ya kumlinda mtu mashuhuri, ambayo wengi huiita kazi ya bodigadi. Hudhani ya kuwa ni kazi ya misuli na bastola. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo hutimizwa kabla mkubwa hajatoka nyumbani kwake, na silaha ya kwanza ya mlinzi ni akili iliyotulia.

Watu wa Kisumu wana sababu ya kulielewa jambo hili. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika mjini kufungua hospitali mpya. Watu walikuwa na uchungu, maana Bwana Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka ule ule. Ghasia zikazuka, mawe yakatupwa, na walinzi pamoja na askari wakaufyatulia umati risasi. Watu wengi walikufa, na watoto walikuwamo. Rais aliondoka salama, lakini msiba ule haujasahauliwa. Mlinzi huwekwa ili hatari isitokee. Ikiisha kutokea, kazi yake ni kumwondoa upesi yule amlindaye, wala si kupigana na umati.

Chukua mfano wa mgeni anayeshuka katika kiwanja cha ndege cha Kisumu, akitaka kwenda Rusinga kulizuru kaburi la Bwana Mboya, kisha avuke mpaka Mfangano. Mlinzi hodari hutangulia kuikagua safari nzima. Kufika Rusinga kutoka Mbita kuna daraja, lakini Mfangano huendewa kwa chombo. Je, nahodha ni nani? Maboya ya kujiokolea yatawatosha abiria wote? Upepo ukichafua ziwa alasiri, watarudi vipi? Hospitali ya karibu iko wapi, na iko njia ya pili ya kuifikia? Mlinzi asiyejua kuogelea hafai kwa safari kama hiyo, hata akiwa na nguvu za simba.

Katika Kenya ziko njia mbili za kuingia katika kazi hii. Ya kwanza ni utumishi wa polisi, kwa kuwa mawaziri, wabunge na wakubwa wengine wa Serikali hulindwa na askari polisi. Kijana huandikwa kwanza kuwa askari wa kawaida, hufundishwa, na baada ya utumishi mwema huweza kuchaguliwa kwa kazi ya ulinzi wa watu. Kuandikwa polisi hakulipiwi hata senti moja. Anayedai fedha ni mwizi, na anayetoa hongo naye avunja sheria.

Njia ya pili ni kampuni za ulinzi. Hizi huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Ulinzi wa Binafsi ya mwaka 2016, iliyounda Mamlaka ya kuwaandikisha walinzi na kuvikagua vyuo vyao. Yampasa mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe amefundishwa, na awe na cheti cha polisi cha tabia njema. Alama za vidole kwa ajili ya cheti hicho huweza kuchukuliwa katika Kituo cha Huduma mjini Kisumu. Na ieleweke kwamba kuwa na bunduki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hata kama mtu ana cheti cha chuo chochote cha ulinzi.

Kabla ya kulipa karo, yafaa mwanafunzi aulize maswali manne. Je, chuo kimekubaliwa na Mamlaka? Walimu wamefanya kazi hii wapi? Masomo ni yapi? Waliohitimu wameajiriwa na nani? Chuo chema hufundisha kukagua njia, kuendesha gari kwa uangalifu, huduma ya kwanza, sheria, matumizi ya redio na kuandika ripoti. Chuo kinachojisifia shabaha tu, na kuahidi kazi ya Ghuba baada ya majuma machache, ni cha kuepukwa. Wakala wa kazi za nchi za nje sharti awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Wasio na fedha nyingi wanaweza kuanza kidogo kidogo. Mafunzo ya huduma ya kwanza hutolewa na Msalaba Mwekundu na St John Ambulance. Mwaka mmoja au miwili ya kulinda lango la hoteli au benki humfundisha mtu kuzitambua nyuso, kuwa na subira na kuandika habari sawasawa. Akiongeza leseni ya udereva na Kiingereza safi juu ya Kiswahili na Kijaluo, atakuwa amewapita wengi. Wasichana nao wasidhani kwamba mlango umefungwa, kwani wako wanawake wapendao kulindwa na wanawake wenzao.

Juu ya yote, mlinzi huingia nyumbani mwa mtu na kusikia siri zake. Akizitoa nje mara moja tu, hakuna cheti kitakachomrudishia kazi yake. Waswahili husema, mwenda pole hajikwai. Na katika kazi hii, akijikwaa mlinzi, huenda akaanguka mwingine.