Gitari Besi katika Korali: Namna ya Kujifundisha Pasipo Mwalimu

Katika parokia za Bunia, na hata katika vituo vya mbali, korali nyingi zimekwisha pata gitari. Kwa kawaida mpiga solo anapatikana upesi, kisha mwenzake wa akompa. Besi inabaki nyuma. Mwishoni wanampa kijana mmoja mpole na kumwambia: «Wewe utapiga hii.» Lakini nani atamfundisha? Mara nyingi hakuna mtu. Anapashwa kujifundisha mwenyewe.

Waseminari na wakatekista wanatuuliza kama jambo hilo linawezekana. Tunajibu: linawezekana, mradi mwanafunzi afuate utaratibu, na mradi ajue tangu mwanzo besi inafanya kazi gani katika sala ya watu.

I. Kazi ya besi

Wengi wanadhani kwamba besi ni gitari ya solo yenye sauti nene. Sivyo. Uzi mnene wa gitari ya kawaida unatikisika mara 82 hivi kwa sekunde moja. Uzi mnene wa besi unatikisika mara 41. Sauti hiyo iko chini ya sauti zote za korali. Haikuwekwa pale ili isikiwe peke yake, bali ili wengine wapate pahali pa kusimama. Ni kama msingi wa nyumba: mgeni hausifu, lakini ukikosekana, kuta zinapasuka.

Jambo hili si geni kwetu. Kwa ndugu zetu Waaluri, upande wa Mahagi na ng'ambo katika Uganda, adungu zinapigwa pamoja, ndogo na kubwa. Ile kubwa kuliko zote inashika sauti za chini, na zile ndogo zinacheza juu yake. Mwenye adungu kubwa hapigi sauti nyingi, lakini akikosea yeye, wote wanapotea.

Gitari besi yenyewe si ya zamani sana. Leo Fender aliiuza mara ya kwanza katika Marekani mwaka 1951. Mbele yake watu walitumia kontrabasi, chombo kikubwa kinachopigwa kwa kusimama. Waorkestra wa Kongo wakaipokea besi hiyo, na ikawa nguzo ya rumba, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa mataifa.

II. Kukijua chombo

Besi ya kawaida ina nyuzi nne. Kutoka ule mnene mpaka ule mwembamba, majina yao ni mi, la, re, sol. Shingo inakatwa na vyuma vidogo. Kati ya chuma na chuma kuna nafasi. Tunazihesabu kutoka kichwani: ya kwanza, ya pili, na kuendelea.

Kazi ya kwanza kila siku ni kulinganisha nyuzi. Pata sauti ya mi kwa harmonium au kwa telefoni. Kisha bonyeza uzi wa mi katika nafasi ya 5: utasikia la, nayo ipatane na uzi wa la usiobonyezwa. Uzi wa la katika nafasi ya 5 unatoa re. Uzi wa re katika nafasi ya 5 unatoa sol. Usimwachie mwingine kazi hii. Ndiyo inayofundisha sikio.

Na umeme ukikosekana, kama tulivyozoea? Usiache kujifunza. Egemeza kichwa cha gitari juu ya meza ya mbao au kabati: mbao inabeba sauti, nawe utasikia vya kutosha. Umeme ukirudi, usiunganishe besi na bafle ndogo ya redio na kuongeza nguvu mpaka mwisho. Sauti nene itaipasua. Ampli ya besi ni nyingine.

Nyuzi mpya ni za bei. Zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, kwa sababu jasho linazila. Zikizeeka, chemsha ndani ya maji safi dakika chache, uzikaushe sana: zitapata uhai kidogo tena, ijapo si kwa muda mrefu.

III. Mikono miwili

Mkono wa kuume unavuta nyuzi kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kimoja kisha kingine, kama miguu ya mtu anayetembea. Juma la kwanza usifanye kitu kingine: piga nyuzi wazi polepole, kila sauti iwe na nguvu sawa.

Mkono wa kushoto unabonyeza. Kidole kikae nyuma kidogo ya chuma, karibu nacho, wala si juu yake. Kidole gumba kipumzike nyuma ya shingo. Ncha za vidole zitauma siku za kwanza. Hilo halina neno. Lakini maumivu katika kiwiko au bega ni alama ya kukaza mno: pumzika. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za siku ya posho.

IV. Nafasi ya tatu

Nyimbo nyingi za Misa zinasimama juu ya sauti tatu tu: ya kwanza, ya nne na ya tano. Kwa wimbo ulio katika do, ndizo do, fa na sol. Sasa tazama: sol iko kwenye uzi wa mi, nafasi ya 3. Do iko kwenye uzi wa la, nafasi ya 3. Fa iko kwenye uzi wa re, nafasi ya 3. Zote tatu ziko katika mstari mmoja!

Korali ikipandisha wimbo mpaka re, sogeza mkono wote mpaka nafasi ya 5: utapata la, re na sol kwa umbo lilelile. Mwenye kushika umbo hili ataweza kuandamana na nyimbo nyingi.

Lakini atajuaje saa ya kubadili sauti? Kwa kuimba. Mbele ya kugusa uzi, imba wimbo, kisha tafuta kwa mdomo ile sauti ya chini inayoutegemeza. Kile usichoweza kuimba, kidole hakitakipata ila kwa bahati.

V. Ngoma, na santuri za rumba

Rafiki wa kwanza wa besi ni ngoma kubwa. Keti karibu na mpiga ngoma, piga sauti moja tu pale anapopiga pigo zito. Mkiisha kupatana hivyo, ongeza ya pili. Mwanafunzi akijaza kila nafasi kwa sauti, anaonyesha kwamba bado hajasikiliza.

Je, inafaa kusikiliza rumba? Wengine wanaona haya. Sisi twasema: yafaa kumsikiliza Mpudi Decca katika OK Jazz ya Franco, na kuona namna anavyoacha sauti zipumue. Kujifunza ufundi wa mkono si kuleta baa ndani ya kanisa. Mkono unajifunza popote. Moyo ndio unaochagua utatumikia nini.

VI. Ndani ya Misa

Maagizo ya Roma juu ya muziki mtakatifu, yaliyotolewa tarehe 5 Machi 1967, yanasema wazi: vyombo vitegemeze sauti za waamini na kusaidia umoja wao, lakini visizifunike hata maneno yasisikike, na padri anaposema kwa sauti sehemu iliyo yake, vyombo vinyamaze. Basi Sala ya Ekaristi si saa ya kujaribu nyuzi.

Kwetu Ituri agizo hili lina uzito wa pekee. Tangu vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu mapigano yaliyoanza mwishoni mwa 2017, watu wa vijiji na lugha nyingi wamekimbilia Bunia. Siku ya Mungu wanaketi juu ya benchi moja. Pengine wimbo ndio neno la kwanza wanalotamka pamoja. Besi ikipiga kelele, tumewanyang'anya kinywa. Besi ikikaa chini yao kwa utulivu, hata mjane aliyefika jana na asiyejua wimbo atapata pahali pa kuingia.

Kwa hiyo, ninyi mapadri na wakatekista, msimpime kijana wa besi kwa wepesi wa vidole vyake. Simameni mlangoni mwa kanisa, nyuma kabisa, mkasikilize: je, watu wanaimba? Kama wanaimba kwa nguvu kuliko zamani, kijana huyo amejifunza vizuri.