Njia Panda ya Koo: Pomboo na Binadamu

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wala hakuna pomboo katika maziwa hayo. Makazi yake ni baharini, kama vile Kizimkazi, Unguja. Hata hivyo, koo lake lina funzo kwa mzazi wa Sumbawanga.

Pomboo, kama binadamu, ni mamalia apumuaye kwa mapafu. Hata pezi lake la mbele lina mifupa ya mkono na vidole. Tofauti imo kooni. Zoloto la pomboo limerefuka na kupenya katika njia ya pua ifungukayo utosini. Hewa hupita humo, na samaki amezwaye hupita pembeni kuelekea kwenye umio.

Zoloto la binadamu mzima limeshuka. Kushuka huko humsaidia kuumba sauti za maneno, lakini hewa na tonge hukutana njia panda, na kidakatonge hulazimika kuifunika njia ya hewa kila amezapo. Mtoto akicheka huku anatafuna, huweza kupaliwa. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima.

Aliyepaliwa akishindwa kukohoa, ainamishwe, apigwe kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kitu kisipotoka, abanwe tumbo juu ya kitovu mara 5, kwa kuvuta ndani na juu. Mtoto asiyetimiza mwaka hubanwa kifuani, si tumboni. Hatua hizo zirudiwe kwa zamu huku msaada wa hospitali ukitafutwa.