Maandalizi ya Kuhamisha Mashine Pepe kutoka Wingu Moja hadi Jingine

Mkulima wa korosho wa Nyamwage akishapima mzigo wake katika chama cha msingi, hungoja mnada, kisha hungoja malipo. Kati ya mizani na fedha kuingia benki pana kazi kubwa ya maandishi: jina, uzito, daraja, makato, namba ya akaunti. Zamani yote hayo yalikaa katika madaftari ya katibu, na asiyeamini hesabu yake alifunguliwa ukurasa akaonyeshwa. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo imo ndani ya kompyuta, na mara nyingine kompyuta yenyewe haimo ofisini bali imekodiwa kwa mwenye mitambo aliye mbali. Chama Kikuu au SACCOS inapotaka kumwacha mwenye mitambo huyo na kwenda kwa mwingine, inahamisha kumbukumbu za jasho la wanachama, na kazi hiyo haifai kuachiwa fundi peke yake.

Kwanza inafaa ieleweke kinachohamishwa ni kitu gani. Makampuni kama Amazon, Microsoft na Google yana majumba yaliyojaa kompyuta zenye nguvu. Kila kompyuta kubwa hugawanywa kwa programu, ikawa kama ghala moja lililokatwa vyumba, kila mpangaji na kufuli lake. Chumba kimoja cha namna hiyo huitwa mashine pepe: kina kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake wa uendeshaji, ingawa hakishikiki kwa mkono. Huduma nzima ya kukodisha vyumba hivyo kwa njia ya intaneti ndiyo iitwayo wingu. Mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika haumo katika maelezo haya, kwa kuwa chama huutumia tu wala hakina mamlaka ya kuuhamisha.

Sababu za kuhama ni nyingi, na iliyo kubwa ni gharama, maana kodi hupangwa kwa dola na mapato ya chama ni ya shilingi. Kamati ikisharidhika na sababu, iamuru kwanza iandikwe orodha. Katika orodha hiyo ziingie mashine zote, ukubwa wa diski zake, programu zilizomo, na hasa kila kitu kinachotegemea kitu kingine. Programu ya malipo huenda inasoma majina ya wanachama kutoka mashine ya pili. Hiyo ya pili huenda hutuma nakala kila usiku mahali pengine ambapo hakuna anayepakumbuka. Hapo ndipo uhamisho mwingi huharibika. Mashine huhamishwa nzima, ikafika salama, kisha ikakosa mwenzake wa kuzungumza naye.

Diski ya mashine pepe hunakiliwa kama faili moja kubwa, lakini mawingu hayapokei faili za muundo mmoja. Azure, wingu la Microsoft, hutaka diski ya muundo wa VHD yenye ukubwa usiobadilika. Aidha, kila wingu lina programu zake ndogo za kuiunganisha mashine na diski na mtandao. Mashine isiyo na programu hizo haiwaki hata kidogo, au huwaka ikiwa bubu. Kwa hiyo fundi aziweke kabla ya kuondoka, mashine ingali nyumbani. Anwani ya intaneti iliyotolewa na mwenye mitambo wa kwanza nayo kwa kawaida hubaki kwake. Programu zote zinazoitumia anwani hiyo ziorodheshwe, ikiwa ni pamoja na ile iliyowekwa katika kompyuta ya mezani ya mtunza ghala.

Wazee wa Rufiji wanakumbuka jinsi mizigo ilivyovushwa kwa kivuko pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mwenye mali mwangalifu alihesabu magunia ng'ambo hii, akayahesabu tena ng'ambo ya pili. Kompyuta nazo zina hesabu ya namna hiyo. Programu hupitia faili yote na kutoa namba ndefu. Namba ya kabla ya safari ikilingana na ya baada, faili imefika nzima. Hata hivyo namba hiyo haisemi kama faili ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Katibu achukue wanachama ishirini, wengine wenye hesabu nyepesi na wengine wenye mikopo na makato, awatolee taarifa katika mashine ya zamani na katika mpya, kisha alinganishe na karatasi zilizotiwa saini. Salio likipishana hata kwa shilingi moja, uhamisho usimame mpaka sababu ijulikane.

Muda nao upimwe. Faili ya gigabaiti 100 ikipita katika njia ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 22 na zaidi, bila mapumziko wala umeme kukatika. Ni bora basi data iende moja kwa moja kutoka wingu hadi wingu bila kupitia ofisini. Zamani kutoa data kwa wingi kulitozwa kodi nzito, ambayo ndiyo iliyowafunga wateja wengi. Google ilitangaza Januari 2024 kuwaondolea kodi hiyo wanaohama moja kwa moja, na Amazon na Microsoft zikafuata Machi 2024. Msamaha huo hauji wenyewe. Huombwa kabla ya kuanza kuhamisha, na aliyesahau hulipa.

Mwezi Mei 2024 ulitoa mafunzo yote kwa mkupuo. Tarehe 2, mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulipotewa na mashine pepe zake katika wingu la Google. Mtumishi wa Google, alipokuwa akiziandaa hapo awali, aliacha nafasi moja tupu katika maelekezo. Mtambo ukahesabu kwamba huduma ni ya mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ukaifuta. Mfuko uliokolewa kwa sababu ulikuwa na nakala kwa mwenye mitambo mwingine, na hata hivyo wanachama walikaa siku kadhaa bila kuziona akaunti zao. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya kusini huko Somanga, mbele ya Nyamwage panapoachana njia ya Utete na ya Lindi. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikazorota Tanzania nzima.

Chama ambacho kingepanga kuhama mwezi huo kingekwama njiani, ufuta ukikaribia minada. Kwa Pwani, basi, miezi ya korosho kuanzia Oktoba hadi Januari isiguswe, wala ile ya ufuta kuanzia mwishoni mwa Mei. Februari hufaa zaidi: malipo mengi yamekwisha na masika haijashika.

Jambo la sheria lisipuuzwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Majina, simu na akaunti za wanachama ni taarifa hizo. Kabla ya kutia saini mkataba, Kamati iulize kwa maandishi mitambo mipya iko nchi gani.

Siku ya kuhama, uingizaji wa hesabu usimamishwe, nakala ya mwisho ichukuliwe, na mashine ya zamani izimwe bila kufutwa. Saa ya kurudi nyuma iwekwe mapema. Mathalani, mpya ikishindwa kutoa taarifa sahihi kufikia saa kumi jioni, ya zamani huwashwa tena bila mabishano. Nakala ya diski ya zamani itunzwe mpaka wakaguzi wamalize hesabu za mwaka huo. Nywila ya mwenye mitambo wa zamani ibadilishwe, na ikabidhiwe kwa Mwenyekiti katika bahasha iliyofungwa, kwani mara nyingi anayeijua ni kijana mmoja tu aliyeajiriwa kwa msimu.