Ndege ya dola moja na mkataba unaobana jumba la makumbusho

Ukiwahi kujipata Washington, Marekani, usiondoke kabla ya kuingia Jumba la Makumbusho ya Ndege na Anga la Smithsonian. Kuingia ni bure, ni kukata tu tiketi ya muda mtandaoni. Tafuta ukumbi wa ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright. Ndege yao ya 1903 haijaning'inizwa darini kama zingine. Imewekwa chini, kwa hivyo unaiona karibu kabisa: mbao nyepesi, kitambaa cha pamba, nyaya, na cheni za kuzungusha propela mbili, kama za baiskeli. Ikiwa umewahi kupita Kamukunji ukasikia nyundo zikilia, utajua mara moja unatazama nini. Hiyo ni jua kali, msee.

Lakini usichojua ni kwamba ndege hiyo ilinunuliwa kwa dola moja, na ina masharti.

Turudi 1903. Mkuu wa Smithsonian wakati huo, Samuel Langley, alikuwa msomi mwenye jina na alikuwa akiunda ndege yake mwenyewe. Wizara ya Vita ilimpa dola 50,000. Oktoba 7 ndege hiyo ilirushwa kutoka juu ya mashua katika mto Potomac, ikatumbukia majini. Desemba 8 ikajaribiwa tena, ikatumbukia tena. Magazeti yalimcheka vibaya.

Wakati huohuo, kule Dayton, Ohio, ndugu wawili wenye duka la baiskeli walikuwa wametumia chini ya dola 1,000 za mfukoni mwao. Hakuna kati yao aliyekuwa na cheti cha shule ya upili. Orville aliacha shule akafungua biashara ya uchapishaji. Mteja wake mmoja alikuwa mwanafunzi mwenzake, mshairi Mwafrika Mmarekani Paul Laurence Dunbar, aliyechapishiwa gazeti lake hapo mwaka wa 1890.

Najua unachowaza sasa. Hata mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hadithi ya aina hii ndiyo wale jamaa wa motisha hupenda kututupia: ona, masomo si kitu! Tulia kwanza. Mwaka wa 1899 Wilbur aliandikia Smithsonian barua akiomba machapisho yote yaliyokuwepo kuhusu kuruka, na akatumiwa. Waliyasoma. Na mwaka wa 1901, glaida yao ilipokosa kuinuka jinsi hesabu za vitabu zilivyoahidi, hawakusema Mungu hajapenda. Waliunda sanduku refu la mbao lenye feni upande mmoja, wakapima humo maumbo takriban 200 ya mabawa madogo, kwa mizani waliyotengeneza kwa vipande vya misumeno na spoku za baiskeli. Kisha wakaandika hesabu zao wenyewe. Huko ni kusoma, buda, isipokuwa hakuna joho wala sherehe ya kufuzu.

Injini nayo? Waliandikia watengenezaji, wakakosa iliyo nyepesi ya kutosha. Wakamgeukia Charlie Taylor, fundi wao wa dukani. Kwa michoro ya haraka kwenye vipande vya karatasi, akaiunda kwa wiki sita. Ilitoa nguvu za farasi 12 hivi, karibu sawa na pikipiki ya boda boda inayokupita hapo nje ukisoma haya.

Desemba 17, 1903, siku tisa tu baada ya aibu ya pili ya Langley, Orville alilala kifudifudi juu ya bawa kwenye mchanga wa Kitty Hawk, North Carolina. Sekunde 12. Mita 37, ambao ni kama upana wa mabawa ya Boeing 737 moja ya KQ. Jaribio la nne, Wilbur akienda sekunde 59 na mita 260. Baadaye upepo uliipindua ndege ikavunjika, na haikuruka tena.

Hapo ndipo uchungu unaanzia. Smithsonian haikumsahau mkuu wake. Mwaka wa 1914 ilimruhusu Glenn Curtiss, aliyekuwa kortini na ndugu hao kuhusu hataza, kuitengeneza upya ndege ya Langley. Aliibadilisha sehemu nyingi, ikaruka kidogo juu ya maji. Kisha ikarudishwa umbo la zamani na kuwekwa kwenye maonyesho, kibandiko kikidai ndiyo ya kwanza iliyokuwa na uwezo wa kumbeba mtu. Ebu fikiria. Wilbur alikuwa ashafariki kwa homa ya matumbo mwaka wa 1912. Orville, kwa hasira, akaipeleka ndege yao London mwaka wa 1928. Ilikaa ng'ambo miaka 20.

Smithsonian ilikubali makosa mwaka wa 1942. Orville akafa Januari 1948 kabla ndege haijarudi. Wasimamizi wa mali yake wakaiuza kwa dola moja, kwa sharti kwamba jumba hilo lisiwahi kusema kuna ndege ya awali iliyoweza kumbeba mtu kwa nguvu zake yenyewe na kudhibitiwa. Likisema, familia inaweza kuichukua.

Mimi sharti hilo hunikera. Ushahidi wa akina Wright ni mzito: picha, daftari, mashahidi watano. Kwa nini ukweli wenye nguvu hivyo ulindwe na wakili? Sharti hilo ndilo huwapa hoja wanaodai Gustave Whitehead aliruka Connecticut mwaka wa 1901, dai ambalo wanahistoria wengi hawaliamini. Lakini ukikumbuka kile kibandiko cha Langley, unaelewa kwa nini familia haikutaka ahadi za mdomo.

Na Charlie Taylor? Orville alimwachia dola 800 kwa mwaka katika wosia. Bei za vitu zilipanda, pesa zikabaki pale pale. Mwaka wa 1955 mwandishi wa habari alimkuta katika wadi ya maskini huko California. Watu wa sekta ya ndege walichanga akahamishwa mahali pazuri, akafa Januari 1956. Siku yake ya kuzaliwa, Mei 24, sasa ndiyo siku ya mafundi wa ndege Marekani.