Kabla hujachorwa tatuu, chunguza sindano na wino

JE, unapanga kuchorwa tatuu? Huenda umeshachagua jina la mtoto wako au ua la waridi, na rafiki amekuelekeza kwa fundi wa bei nafuu anayefanya kazi hiyo katika chumba cha nyuma cha saluni. Kabla hujamnyoshea mkono, soma makala haya.

Kuchanja mwili si jambo geni kwetu. Wamakonde walichanja nyuso zao tangu jadi, na katika jamii nyingi waganga walichanja chale ili kupaka dawa. Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990, wananchi walionywa dhidi ya kutumia wembe mmoja kwa watu wengi. Onyo hilo lingali na maana leo, ijapokuwa wembe umegeuka kuwa mashine ya umeme.

Mashine hiyo hudunga ngozi mara nyingi kwa kila sekunde na kuacha wino katika tabaka la pili, kina cha milimita moja hadi mbili hivi. Tabaka la juu hubanduka na kuota upya, lakini la chini halifanyi hivyo, ndiyo sababu mchoro hudumu. Hata hivyo, tabaka hilo lina mishipa ya damu. Kwa hivyo, tatuu mpya ni jeraha, na jeraha ni mlango wa magonjwa.

Magonjwa ya damu

Tishio kubwa ni homa ya ini aina ya B na C. Virusi vya aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, hata katika tone la damu ambalo huwezi kuliona kwa macho. Virusi vya Ukimwi pia vinaweza kupitia kwenye sindano yenye damu ya mtu mwingine.

Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hiyo mwaka wa 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata. Watu wazima hudungwa dozi tatu katika kipindi cha miezi 6, kwa hivyo anza mapema. Aina ya C haina chanjo, ingawa siku hizi kuna dawa za kuitibu.

Wino nao usipuuzwe

Usidhani sindano mpya pekee inatosha. Mwishoni mwa mwaka wa 2011, watu 19 mjini Rochester, Marekani, waliota vipele visivyopona baada ya kuchorwa tatuu. Wachunguzi waligundua kwamba bakteria walikuwa ndani ya wino wenyewe. Rangi nyingine, hasa nyekundu, huweza kuleta mwasho na uvimbe hata baada ya miaka. Mnamo Januari 2022, Muungano wa Ulaya ulipiga marufuku au kudhibiti maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu.

Sisi watu weusi tuna hatari nyingine, nayo ni keloidi, yaani kovu linalovimba na kupita mpaka wa jeraha. Ikiwa ulipotoga masikio au ulipochanjwa ulipata kovu la namna hiyo, afadhali uachane na tatuu. Wajawazito, wagonjwa wa kisukari na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande wamwone daktari kwanza.

Piko je?

Wengi, hasa Pwani, huchagua piko kwa kuwa haina sindano. Hina halisi hutokana na majani ya mhina, huacha rangi ya chungwa au kahawia, na huhitaji saa kadhaa ili ishike. Piko nyeusi ti mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Inaweza kuchoma ngozi, kuacha malengelenge na makovu, na kukufanya usiweze tena kutumia rangi ya nywele maishani. Usiwapake watoto.

Ukiamua kuchorwa

Hakikisha fundi ananawa mikono na kuvaa glavu mpya. Afungue pakiti ya sindano mbele yako, na amimine wino katika kikombe kidogo cha kutupwa. Vifaa vinavyorudiwa sharti viuliwe viini kwa mtambo wa mvuke. Kuvipangusa kwa spiriti hakutoshi. Akikasirika ukimuuliza maswali, ondoka.

Nyumbani, osha tatuu taratibu kwa sabuni na maji safi. Usiikune wala kubandua magamba. Usiogelee hadi ipone, jambo ambalo huchukua wiki mbili au zaidi. Mwaka wa 2017, madaktari nchini Marekani waliripoti kisa cha mwanamume mwenye ugonjwa wa ini aliyeogelea baharini siku 5 baada ya kuchorwa. Bakteria wa maji ya chumvi walipenya kwenye jeraha, naye akafariki.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, ukitoa usaha, ukipata homa au mistari myekundu ngozini, nenda hospitalini mara moja. Ukigundua kwamba sindano ilikuwa imetumiwa kwa mtu mwingine, usingoje dalili. Fika hospitalini haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, ili upewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na upimwe homa ya ini. Usione haya kumweleza daktari ukweli.

Wahenga walisema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwili ni wako na uamuzi ni wako, lakini chunguza sindano kabla haijakugusa.