Mlimani, kazi ngumu inafanywa na figo

Kila Desemba inapokaribia, simu yangu hujaa maswali ya aina moja. Watanzania wanajiandaa kupanda Kilimanjaro kwa ajili ya Desemba 9, kumbukumbu ya usiku ule wa uhuru, 1961, ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kileleni. Wakenya nao wanakiwazia kilele cha Lenana, Mlima Kenya, na Desemba 12, kumbukumbu ya bendera aliyoisimika Kisoi Munyao mwaka 1963. Wachache sana huuliza wapande kwa siku ngapi. Wengi wanauliza wanywe nini: kitunguu saumu, tangawizi, Viagra, juisi ya rozela, au unga wa mizizi unaouzwa stendi kwa jina la dawa ya kuongeza damu.

Nianze na hilo la damu, maana ndilo linalonikera kuliko yote. Ni kweli mwili ukikaa juu huongeza chembe nyekundu. Ndani ya saa chache figo huhisi upungufu wa oksijeni na kuanza kumwaga homoni ya erithropoetini. Lakini kutoka homoni hiyo hadi damu kuongezeka kwa kiasi cha maana ni wiki kadhaa, wakati safari ya njia ya Marangu watu wanaimaliza kwa siku tano. Damu hiyo mpya itakukuta umesharudi kazini. Na kama kweli una upungufu wa damu, nenda kapime hospitali, usimpe hela yako mtu ambaye hajawahi kuona hata mashine ya kupimia.

Kileleni, mita 5,895, hewa ina oksijeni asilimia 21 ileile ya Tanga. Kinachopungua ni kanieneo, ambayo huko juu ni karibu nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Mfaransa Paul Bert alilieleza jambo hili mwaka 1878, baada ya kujifungia kwenye chumba kilichopunguzwa hewa, akazidiwa, kisha akavuta oksijeni na dalili zikamtoka.

Sasa hapa ndipo pananipendeza. Shingoni, pale mishipa mikubwa ya kwenda kichwani inapogawanyika, kuna vinundu viwili vidogo kama punje za mchele. Kazi yake ni kuonja damu. Oksijeni ikishuka, vinaamuru upumue haraka, nawe unatii bila kujua. Ila unapohema hivyo unatoa pia kabonidayoksaidi nyingi kupita kawaida, damu inapoteza asidi yake, na sehemu ya ubongo inayolinda asidi hiyo inatoa amri ya kinyume: punguza. Amri mbili, kifua kimoja.

Ukitaka kuliona pambano hilo, lala kambi ya Horombo, njia ya Marangu, ukiwa macho. Mwenzako wa kitanda cha jirani anahema, pumzi zinazidi kuwa kubwa, halafu zinapungua, zinapungua, kimya. Sekunde kumi nzima hakuna kitu. Unakaribia kumtikisa, ghafla anavuta pumzi kama aliyeibuka majini, na mzunguko unaanza upya. Si pepo wa mlima, wala hajakabwa na jinamizi. Kabonidayoksaidi imeshuka, ubongo umesitisha kupumua. Oksijeni imeshuka, vinundu vya shingoni vimemwamsha.

Anayeamua ugomvi huu ni figo. Zinachuja bikaboneti na kuitupa kwenye mkojo, damu inarudi karibu na kawaida yake, ubongo unalegeza breki na wewe unaruhusiwa kuhema unavyohitaji. Ndiyo maana mpandaji anayekojoa sana huko juu yuko katika hali nzuri kuliko asiyekojoa. Lakini figo hazina haraka. Zinataka siku kadhaa, na kila unapopanda zaidi zinaanza hesabu nyingine.

Ndiyo sababu wimbo wa "pole pole" unanichekesha kidogo. Watu wanatembea pole pole ndani ya ratiba ya kukimbiza. Miongozo ya madaktari wa milimani inasema ukivuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Haya, itazame Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita elfu moja kila usiku! Upande wa Sirimon, kule Mlima Kenya, wengi wanatoka Old Moses kwenye mita 3,300 na kulala Shipton's kwenye 4,200. Njia ya Machame, Kilimanjaro, ina nafuu, maana siku moja unapitishwa Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Anayekuuzia safari fupi kwa bei poa amekukata siku ambazo figo zako zilikuwa zinazihitaji.

Mazoezi je? Yatakusaidia miguu. Vijana wenye kifua kipana wanaugua kama wengine, na mara nyingi zaidi, kwa kuwa ndio wanaokimbia. Wala kuzaliwa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hakukupi kinga. Migomba haioti kwenye mita 4,700.

Diamox, yaani asetazolamidi, inafanya kazi kwa sababu inazilazimisha figo kutupa bikaboneti mapema. Dozi ya kinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidole vitakufa ganzi kidogo na soda itakosa ule mwasho wa ulimini, kwa kuwa dawa hiyo inazima hata kimeng'enya cha ulimi kinachouhisi. Kitunguu saumu hakifanyi lolote kati ya hayo. Kinanogesha supu.

Kichwa kikiuma na tumbo kuchafuka, usipande zaidi mpaka upone. Wa kutoka Dar wana tabia ya kusema "ni malaria hii" na kumeza dawa ya mseto. Pima malaria ukishashuka, na ushuke kwanza. Ukiona mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, hiyo si nimonia ya baridi: mishipa ya mapafu imejibana kwa kukosa oksijeni, presha imepanda na maji yanavuja ndani. Na yule anayeyumba na kuropoka kama mlevi ubongo wake unavimba. Kiongozi mwenye uzoefu huchora mstari mavumbini na kumwambia atembee juu yake, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, oksijeni kama ipo, deksamethasoni kama ipo, na kushuka hata kama ni saa nane usiku. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu, kisiwadanganye, kwani kidole chenye baridi kinasoma uongo, na chini ya asilimia 85 Kibo ni jambo la kawaida kwa mtu mzima wa afya.

Halafu mvua. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Novemba na Desemba, baridi inaua hata pale isipogandisha maji, kwa kuwa nguo iliyolowa inanyonya joto la mwili kwa kasi kubwa kuliko hewa kavu. Fulana na jinzi za pamba ziache nyumbani. Konyagi haipashi mtu joto. Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia uvuguvugu, na joto la ndani linatoroka. Wanaoumia zaidi ni wagumu, wanaopanda na mizigo yetu wakiwa na viatu vilivyochoka. Kabla ya kulipa, uliza wanalala wapi, wanakula nini, na kama mizigo inapimwa isizidi kilo 20. Kiangazi hatari inageuka kuwa moto. Ule wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, njia ya Marangu, ukateketeza eneo kubwa, kwa hiyo sigara na majiko yaangaliwe. Taka zako shuka nazo.

Swali moja nililoulizwa mara chache kuliko linavyostahili: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Anayebeba jeni moja tu ya selimundu, na katika ukanda wetu tuko wengi, kwa kawaida haumwi chochote maishani, lakini juu, damu ikikosa oksijeni, bandama inaweza kuziba. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto si kichomi cha kutembea. Kama hujui hali yako, pima kabla ya kulipia safari, na umwambie kiongozi wako majibu.