Upitishaji wa Data kwa Vitendakazi vya Vipima Muda katika Programu za iOS

Kipima muda ni objekti inayousababisha mfumo uite kitendakazi fulani baada ya muda uliopangwa, mara moja au kwa kurudia. Kwa kuwa mwitaji ni mfumo wenyewe, mwandishi wa programu hana fursa ya kukikabidhi kitendakazi hicho data wakati kinapoitwa. Data haina budi kuwekwa mapema mahali itakapokutwa. Uteuzi wa mahali hapo huamua usahihi wa data itakayosomwa na muda ambao itaendelea kukalia kumbukumbu ya simu.

Katika lugha ya Swift, njia ya kwanza ni kutumia kigezo cha userInfo. Data hufungashwa humo kipima muda kinapoundwa. Kitendakazi hupokea kipima muda chenyewe na kuisoma data hiyo. Aina ya data isipolingana na inayotarajiwa, kompaila haiwezi kuonya. Kosa hujitokeza programu inapoendeshwa.

Njia ya pili, iliyokuja na iOS 10 mwaka 2016, ni kukikabidhi kipima muda bloku ya msimbo. Bloku hunasa kigeu chenyewe, si thamani yake ya wakati huo, isipokuwa kigeu kimetajwa katika orodha ya unasaji.

Tofauti hii ina athari. Tuseme programu ya mtihani huhifadhi jibu la mtahiniwa kila baada ya sekunde 30. Matini ya jibu ikiwekwa katika userInfo, kitakachohifadhiwa kila mara ni jibu lilivyokuwa mwanzoni, na yote yaliyoandikwa baadaye hayatahifadhiwa.

Suala la kumbukumbu nalo ni zito. Kipima muda cha kurudia hushikilia kwa rejeo imara userInfo na objekti lengwa hadi kisitishwe kwa invalidate(). Kuweka usitishaji huo ndani ya deinit ya objekti lengwa hakusaidii, kwani deinit haifikiwi maadamu kipima muda kingali kinaishikilia objekti hiyo. Bloku yenye rejeo dhaifu, [weak self], huondoa kikwazo hicho, ingawa kipima muda bado huhitaji kusitishwa.

Hivyo basi, userInfo inafaa kwa data isiyobadilika, kama vile namba ya utambulisho wa mtihani. Data inayobadilika isomwe wakati wa utekelezaji kupitia rejeo dhaifu.